Mbegu za Mama Niragira

Clotilda hakuelewa kwa nini mama yake aling'ang'ania kupitia Mwanza. Alikuwa amekwisha kumtafutia ndege inayotua Kigali, mahali ambapo msafiri akishuka asubuhi huweza kuvuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kabla jua halijatua. Badala yake mama huyu wa miaka sitini na miwili, mwalimu mstaafu ambaye magoti yake hayapendi tena kukaa kitako kwa muda mrefu, alitaka kuruka hadi Dar es Salaam, kisha Mwanza, kisha apande basi la kutwa nzima kupitia Geita na Biharamulo. Alipoulizwa sababu, Domisiana alijibu kwamba amelizoea basi. Ulikuwa uongo mdogo, naye aliusema akiwa ameinamia nguo za mjukuu wake Ishimwe, akizikunja kwa uangalifu kuliko zilivyohitaji, ili asitazamwe usoni.

Ukweli ulikuwa Nyakahura. Basi la Mwanza hupita Nyakahura; Nyakahura ndiko alikoolewa wifi yake, Scolastica; na Scolastica ndiye mtu pekee ambaye huenda alikuwa na kitu ambacho Domisiana alikihitaji kabla hajathubutu kuingia nyumbani kwake na kumtazama mumewe.

Safari ilianza katika mvua nyembamba ya Ubelgiji, ile mvua isiyonyesha wala kukatika. Clotilda alimsindikiza hadi pale ambapo wasafiri huachana na wasindikizaji. Ishimwe, mwenye miaka sita, hakulia. Aliuliza tu kama bibi atarudi Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ambayo watu wengi aliowafahamu hurudi. Domisiana akamwambia kwamba atarudi Jumamosi moja, akamshika kichwa kwa viganja viwili, kisha akageuka haraka na kuingia kwenye mstari.

Ndani ya ndege hakuhesabu saa, alihesabu kazi. Sasa mumewe, Ildefonce, anafungua mbuzi. Sasa ameketi kwenye kigoda, anachochea moto, na sufuria ya uji bado baridi kwa sababu siku zote huanza kupuliza kabla kuni hazijashika. Kwa karibu miezi mitatu Domisiana hakuwa amenusa moshi. Jambo hili hakuwahi kulitarajia. Alikuwa amejiandaa kuikosa lugha, kukosa misa ya Jumapili na nyimbo zake, hata kukosa ndizi. Hakuna aliyemwonya kuhusu moshi. Alikuwa na kitenge kimoja alichokisafirisha bila kukifua, akakiweka chini kabisa ya sanduku, na jioni nyingine akikitoa na kukiweka puani kama mtu anayejifuta jasho. Wiki ya tatu, Clotilda, kwa wema tu, alikikuta akakitia kwenye mashine ya kufulia. Kilirudi kinanukia maua ambayo hayapo. Domisiana alimshukuru binti yake, kisha akaingia bafuni na kukaa huko kwa muda.

Lakini kilichokuwa kikimkaa moyoni kwa uzito zaidi ni mazungumzo ya simu. Ildefonce hakuwa mtu wa simu. Aliishika mbali na sikio na kupaza sauti, kana kwamba umbali kati ya kijiji chao cha Bukiriro na Ulaya ulipaswa kuvukwa kwa koo lake mwenyewe. Alipiga kila Jumapili baada ya misa, akauliza hali ya mtoto, akataja mbuzi aliyezaa, akakata. Jumapili mbili kabla ya safari alisema kwamba mvua imeanza.

"Wenzako wamepanda?" Domisiana aliuliza.

"Manirakiza kapanda hadi ukingoni mwa barabara."

"Na wewe?"

"Mimi nakusubiri, Mama Clotilda."

Alisema hivyo kama mtu anayesema kwamba leo ni Jumapili.

Katika nyumba ile, tangu enzi za mama yake Ildefonce, marehemu Mama Niragira, mbegu ya maharage ilikuwa na mwenyewe. Mwanamke aliyeifunga baada ya mavuno ndiye aliyeifungua mvua iliporudi, na ndiye aliyedondosha punje za kwanza katika shimo la kwanza. Mwanamume alichimba. Baada ya shimo hilo yeyote aliweza kupanda, hata mpita njia. Lakini kabla yake shamba lilikaa tupu, na kama mwenye mbegu alikuwa safarini, alisubiriwa. Majirani walikwisha kuyaacha mambo hayo na kununua mbegu za dukani zilizopakwa dawa nyekundu. Ildefonce mwenyewe aliyacheka mengi ya zamani. Hili hakulicheka. Hakulieleza pia, yapo mambo ambayo mtu haulizi sababu yake, kama vile asivyouliza kwa nini mlango wa nyumba yake unatazama upande unaotazama.

Mbegu zenyewe hazikuwa na jina lingine zaidi ya "za Mama Niragira." Zilikuwa punje ndogo, za kijivu kama shingo ya njiwa, na kando ya jicho lake kila moja ilikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, kana kwamba umechorwa kwa kalamu ya kusahihishia. Mama mkwe alimkabidhi Domisiana mwaka wa pili wa ndoa yake, mbele ya wanawake wa ukoo. Scolastica, mtoto mkubwa wa kike wa nyumba hiyo, alikuwepo, na akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mwalimu atazihesabu vizuri. Kama atazipanda, hilo yeye hajui. Wanawake walicheka. Domisiana naye alicheka, na kicheko hicho kilimkwama kooni kwa miaka thelathini na mitano.

Kosa lilitokea mwezi wa Julai, siku ya kuondoka. Alikuwa ameshona vifuko viwili kutoka shuka moja kuukuu la rangi ya samawati. Kimoja kilikuwa cha mbegu. Kingine kilikuwa cha maharage ya kupika, mchanganyiko wa rangi zote, zawadi ya Clotilda aliyekuwa akilalamika kwamba ya huko hayana ladha. Vyote viwili alivitia majivu yaliyochekechwa, kwa sababu hakuna mwanamke wa pande zile anayeweza kuyapeleka maharage mbali bila majivu, hata kama yatakwenda kwa ndege na kufika kesho yake. Asubuhi gari likapiga honi, watoto wa jirani wakaanza kubeba masanduku, na katika haraka hiyo akatundika kifuko kimoja juu ya jiko na kutia kingine sandukuni.

Alipofika uwanja wa ndege huko Ubelgiji, msichana mmoja mwenye glavu alimwomba kwa adabu afungue sanduku. Alieleza kwamba mbegu za aina yoyote haziruhusiwi kuingia bila cheti. Domisiana alimjibu kwa Kiingereza chake cha ubaoni kwamba ameelewa, na kweli hakusikitika sana. Alikwisha kuanza kufikiri jinsi Clotilda atakavyocheka. Kisha msichana akafungua kifuko na kukimimina katika sinia jeupe. Majivu yalitimka kidogo. Punje zikajipanga chini ya taa, na zote zilikuwa za sura moja.

Aliinua mkono, akaurudisha. Angesema nini, na kwa Kiingereza kipi? Alitia saini pale alipoonyeshwa. Sinia likamiminwa katika pipa ambalo mfuniko wake hufunguliwa kwa mguu.

Wiki kadhaa baadaye aliikuta punje moja ndani ya mkoba wake wa mkononi, imeruka kutoka kwenye sinia na kuingia katika mshono ulioachia. Aliifunga katika kona ya leso. Kumwambia Ildefonce kungekuwa rahisi Jumapili ile ya kwanza. Jumapili ya pili kulikuwa kugumu kidogo. Na kufikia ya tano jambo lenyewe lilikuwa limeota mizizi kinywani. Alipaswa kurudi mwanzoni mwa Septemba. Clotilda alipomwomba aongeze majuma matatu, hadi zile siku tisini za viza zikaribie kwisha, alikubali upesi hata Clotilda akashangaa. Ndipo alipojifunza kwamba mtu anaweza kuitamani nyumba yake hadi usingizi ukakatika, na wakati huohuo akaiogopa.

*

Basi liliondoka Mwanza alfajiri na kuvuka ziwa kwa lile daraja jipya, refu, ambalo abiria walilipiga picha kupitia vioo vyenye ukungu. Geita ilipita, kisha Bwanga. Baada ya Biharamulo ardhi ilianza kuonyesha ile rangi aliyoifahamu, nyekundu inayokaribia kuwa kahawia ikilowa, na dirisha lililokuwa wazi mbele likaleta harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Domisiana alifumba macho. Alipoyafumbua, aliyaona mashamba. Pande zote mbili za barabara maharage yalikuwa yamekwisha kutoa majani mawili mawili, yamesimama kwa mistari. Hakukuwa na shamba tupu hata moja. Alihamisha macho na kuyatuliza juu ya kiti cha mbele yake.

Utingo alimwambia kwamba tiketi yake ni ya Ngara na hapa ni Nyakahura. Alimjibu kwamba anajua. Sanduku likashushwa kando ya barabara, katikati ya mikungu ya ndizi na madebe ya mahindi, na mwenye pikipiki akalifunga nyuma kwa mpira bila kuuliza anakwenda wapi, hadi alipotaja jina la Mzee Mihayo, mume wa Scolastica, ambaye ng'ombe wake kila mtu pale aliwajua.

Scolastica alikuwa uani anachambua mchicha. Alikuwa amekaribia miaka sabini, mrefu, mwenye mgongo usiopinda, na ulimi wake haukuwa umezeeka hata kidogo. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, Mzungu. Umeng'aa. Au ni sabuni yao?"

Alimkaribisha ndani, akaulizia habari za mtoto na mjukuu, akataka kujua kama ni kweli kwamba huko watu huwapeleka wazazi wao kulelewa na wageni, na aliposikia kwamba Clotilda mwenyewe hufanya kazi katika nyumba ya namna hiyo, alitikisa kichwa na kusema kwamba basi angalau wana bahati ya kulelewa na mtoto aliyefundwa. Akamimina chai. Mihayo alikuwa amekwenda mnadani, alisema, na asingerudi kabla ya jioni, kwa hiyo wangeweza kuzungumza bila kukoholewa.

Domisiana alikuwa ameyatunga maneno yake angani, juu ya bahari na majangwa. Yalikuwa maneno mazuri, yenye mpangilio. Yalimkimbia yote.

"Wifi, nimekuja kuomba," alisema. "Ni habari ya zile mbegu za mama."

Scolastica akaiweka chini chupa ya chai.

"Kwani zile nilizompa hazikutosha?"

Lori lilipita barabarani, likabadilisha gia, likaenda. Kuku aliingia mlangoni, akatazama, akatoka. Domisiana alikuwa bado ameshika kikombe kwa mikono miwili, na Scolastica, ambaye katika maisha yake hakuwahi kukosa la kusema, alifunika mdomo wake kwa kiganja chenye majimaji ya mchicha.

"Nimeshaharibu," alisema chini ya kiganja.

Baada ya hapo hakukuwa na njia ila kusimulia. Ildefonce alikuja mwezi wa Agosti, kwa basi, amevaa kofia yake ya misibani, hata dada yake alipomwona getini akaanza kuuliza nani amefariki. Alikaa kwenye kiti hichohicho. Alikunywa uji, kisha akaeleza kwamba panya ametoboa kifuko cha mbegu. Alikuwa ameinama kuokota zilizoanguka jikoni, na mkononi mwake akakuta nyekundu, njano, nyeupe, na zile za madoa. Alizitazama hadi akaelewa. Hakumwambia mtu. Alingoja Domisiana amweleze kwenye simu, na Jumapili zilipopita bila kuelezwa, akaelewa pia kwamba mkewe hawezi kueleza.

"Mimi, unanijua, nilianza kucheka," Scolastica alisema. "Nikamwambia, si nilisema? Mwalimu wako kaenda kuwapikia Wazungu mbegu za mama. Akanitazama, akasema, dada, sikuja kucheka. Akasema, nipe kidogo kama unazo, na jambo hili life hapahapa. Akirudi akute mbegu yake imening'inia pale alipoiacha. Asiaibike."

Naye alikuwa nazo. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba huzipanda kila mwaka, kipande kidogo tu nyuma ya zizi, katika mji wa watu wanaokula mahindi na mihogo. Alimjazia kaka yake kopo moja la bati.

Domisiana alilia bila sauti, kwa namna ya watu waliozoea kusimama mbele ya darasa. Alisema kwamba mama alizitunza maisha yake yote na yeye amezitupa kwa siku moja.

"Mama gani huyo?" Scolastica aliuliza. "Huyuhuyu aliyezipika? Mwaka ule wa njaa tulikula zote, nakwambia, nilikuwa msichana mkubwa, nilizichambua kwa mikono yangu. Mvua iliporudi akaenda kwa miguu hadi Nyarubungo, kwa mwanamke mmoja aliyewahi kumgawia, akamwomba. Wewe ulikabidhiwa kama masalia ya mtakatifu, ukaogopa hata kuzipumulia. Kunywa chai."

Chai ilikuwa bado ya moto. Baadaye, wakati kivuli cha nyumba kilipofika kwenye zizi, Scolastica alimwomba jambo moja: asimsaliti. Ildefonce alimwapisha kwa jina la mama yao, na yeye amekitunza kiapo hicho kwa majuma sita, ambayo ni marefu kuliko alivyowahi kutunza chochote.

"Anajua kwamba huwezi kunyamaza," Domisiana alisema.

"Anajua tangu tukiwa watoto. Ndiyo maana aliniapisha."

*

Asubuhi alipata nafasi katika gari dogo la Ngara. Barabara ilipanda na kushuka katikati ya pori, na hewa ikawa nyepesi, yenye ubaridi wa milimani. Alikaa dirishani, leso mkononi, na swali ambalo sasa lilikuwa gumu kuliko lile alilotoka nalo Ubelgiji. Jana alikuwa na aibu tu. Leo alikuwa na zawadi ambayo hakupaswa kujua kwamba amepewa. Akimwambia mumewe ukweli, atakuwa amemnyang'anya jambo alilolifanya kwa uangalifu wote huo, kwa kofia ya misibani na nauli ya siku nzima. Asipomwambia, atamwacha peke yake nalo hadi kaburini, na wataishi miaka iliyobaki kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kimya, kama watu wawili wanaozuia mlango mmoja kutoka pande mbili.

Walipita Benaco. Malori ya kwenda Rusumo yalikuwa yamepanga mstari, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu, na harufu ya chapati ilitoka kwenye vibanda. Mwaka wa tisini na nne alikuwa mwalimu kijana, akaja hapa na wenzake kuwaletea wakimbizi kutoka Rwanda nguo zilizokusanywa na parokia, akakuta kilima chote kimefunikwa turubai hadi macho yalipoishia. Alimkumbuka mwanamke mmoja aliyeketi mbele ya turubai lake, ameuelekea upande wa mpakani tangu walipofika hadi walipoondoka. Wakati ule Domisiana alifikiri mwanamke yule amechoka. Sasa aliona haya kufananisha miezi yake mitatu ya mashine za kufulia na kile kilichokuwa kikitazamwa na mwanamke yule; hata hivyo aligeuza shingo, akakitazama kilima hicho kilichojaa migomba hadi kikapotea kwenye kona.

Ngara mjini alipanda pikipiki. Saa nne asubuhi alikuwa Bukiriro.

Shamba la kwanza kuliona lilikuwa la jirani yao Manirakiza, la kijani hadi ukingoni mwa barabara, kama alivyoambiwa. Mwenyewe alikuwa ndani yake, akainua jembe kumsalimu.

"Karibu, mwalimu. Afadhali umerudi. Mwaka huu tulidhani mzee wako ameamua kupanda udongo."

Domisiana alimshukuru kwa maharage mazuri na kuendelea. Baada ya mpaka wa minyaa lilianza shamba lao. Lilikuwa limelimwa, likalimwa tena, magugu yametolewa na kurundikwa kando, madongoa yamevunjwa hadi udongo ukawa laini kama unga wa ulezi. Hakukuwa na jani hata moja. Katikati ya weusi na wekundu huo alisimama Ildefonce, anapalilia mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kupalilia.

Aliacha jembe. Alikuja bila haraka, na kabla ya salamu yoyote akautwaa mkoba begani mwake na sanduku kutoka kwenye pikipiki, kwa maana msafiri hasalimiwi akiwa na mzigo. Alikuwa amenyoa. Alionekana mdogo kidogo kuliko alivyomwacha.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, Baba Clotilda."

Alitazama angani, upande wa Burundi, ambako mawingu yalikuwa yanajikusanya. Akasema kwamba mvua ya mchana itawahi leo, lakini yeye apumzike kwanza, uji upo. Domisiana akasema hapana, kwanza mbegu.

Jikoni alisimama kwa muda mfupi bila kufanya lolote. Moshi ulimpata machoni, ukashuka kifuani, naye akauacha uende unakotaka. Kifuko kilikuwa pale, juu ya mafiga, samawati yake imeanza kuwa kahawia. Alikishusha. Kona ya chini ilikuwa imezibwa kwa uzi mweusi, mishono mirefu, mizito, kama ya kufungia gunia la kahawa. Na juu palikuwa na fundo. Aliligeuza kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa fundo la kamba ya mbuzi, limezungushwa mara mbili kwa juu ili lifanane na lake, na lilifanana na lake kama mbuzi anavyofanana na swala. Nyuma yake Ildefonce alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Ilimlazimu kulifungua kwa meno. Ndani punje zilikuwa za kijivu, zenye mstari mwekundu, zimezama katika majivu mengi mno, majivu ya mtu aliyesikia kwamba hutiwa lakini hakuwahi kuambiwa kiasi.

Walikwenda shambani. Ildefonce alichagua mahali, pembeni mwa njia, alipochagua kila mwaka, akapiga jembe mara moja na kuinua udongo. Domisiana alichuchumaa, magoti yake yakalalamika. Alidondosha punje mbili. Kisha, badala ya kusimama, alivuta leso kutoka kifuani, akafungua kona yake, na akaweka ya tatu.

Ildefonce aliinama.

"Hiyo haina majivu," alisema.

"Hiyo imetoka Ubelgiji."

Ildefonce alikaa vilevile, mkono juu ya mpini, na Domisiana akatazama ndani ya shimo alipokuwa akisema, kwa sababu hapo ndipo palikuwa rahisi. Alisema kwamba alizipeleka yeye, zote, kwa kuchanganya vifuko. Kwamba zilimwagwa mbele ya macho yake naye hakusema neno. Kwamba hii moja alirudi nayo. Hakueleza kwa nini alinyamaza; alianza, akaona kwamba haihitajiki.

Ildefonce alichuchumaa naye. Aliitoa punje ile shimoni, akaifuta udongo kwa kidole gumba, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Imesafiri kuliko mimi," alisema, akairudisha.

"Baba Clotilda, lile fundo si langu."

"La kwako lilinishinda. Nilijaribu siku mbili." Akafuta mikono kwenye suruali. "Scolastica amekwambia."

"Chai haikuwa hata imepoa."

Kicheko kilimtoka Ildefonce polepole, kutoka chini kifuani, kile kicheko ambacho simu haikuwahi kukileta hata Jumapili moja, na mabega yake yakatikisika hadi ikambidi ashike ardhi kwa mkono. Domisiana alimtazama. Alikuwa amekisafiria kicheko hiki bila kujua kwamba ndicho anachokisafiria.

Kisha Ildefonce alisimama, akafukia shimo kwa wayo wa mguu, taratibu, akavunja kijiti kwenye minyaa na kukisimika pembeni ili pajulikane. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya kofia. Alisema kwamba waendelee kabla haijawakuta, akasogea hatua moja na kupiga shimo la pili. Domisiana alijifunga kitenge vizuri kiunoni. Alipoinama, kilimletea puani harufu ya moshi. Ule muda mfupi aliosimama jikoni ulikuwa umetosha.